Jino la mbele likivunjika, si lazima ling'olewe

KOLWEZI, Lualaba – Mtu akivunjika jino la mbele katika mji huu, neno la kwanza analoambiwa ni moja tu: ng'oa. Jirani atamwambia hivyo, shemeji atamwambia hivyo, na mara nyingine hata muuguzi wa kituo cha afya, kwa sababu chombo pekee alicho nacho ni koleo la kung'olea. Ndivyo jino lenye mzizi mzima, lililokatika kipande tu, linavyotolewa, na mwenye jino anarudi nyumbani na pengo atakalokaa nalo maisha yote.

Habari hii ni ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeambiwa ang'oe meno mawili ya juu ya mbele, naye akakataa. Jina lake halitajwi, kwa ombi lake. Kilichompata kinawahusu wengi Kolwezi, na zaidi familia zilizoondolewa mahali pao na kuanza upya katikati ya watu wasiozijua.

Siku ya kuhama

Kuhama si jambo geni hapa. Huko Kasulo watu walianza kuchimba ndani ya viwanja vyao baada ya kobalti kugunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Mwezi wa Septemba 2023 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya watu walioondolewa Kolwezi na kandokando yake ili migodi ipanuliwe. Kila aliyepita njia hiyo anajua hatua zake: kwanza nyufa ukutani, halafu watu wenye daftari na rangi ya kuandika namba mlangoni, halafu karatasi ya fidia, halafu lori.

Mwalimu huyu alipita hatua hizo zote. Siku ya lori alikuwa upande wa chini, anapokea vitu. Kamba ya kitanda ikateleza, chuma cha kitanda kikashuka kikamgonga mdomoni. Jino moja likakatika nusu, la pili likapoteza pembe. Midomo ikavimba, damu ikatoka, watu wakasema ashukuru Mungu jicho limepona. Lori lilikuwa limelipiwa kwa saa, kwa hiyo akafunga kitambaa mdomoni na kazi ikaendelea. Vipande vya meno vilibaki palepale kwenye vumbi la kiwanja ambacho hakikuwa chake tena.

Karatasi ya fidia ilikuwa imehesabu vyumba, milango, choo, miti miwili ya maembe na mmoja wa avoka. Mdomo haukuwa na mstari wake.

Uso mbele ya wageni

Mtu asiyewahi kuvunjika jino la mbele anaweza kufikiri kwamba shida ni maumivu tu. Maumivu ya mwalimu huyu yalipungua baada ya siku chache. Yalirudi tu alipokunywa maji ya baridi au alipovuta hewa ya asubuhi, hasa wakati wa kiangazi, mwezi wa sita na wa saba, Kolwezi inapokuwa na baridi kali. Kilichobaki ni mkono. Alianza kufunika mdomo kwa mkono kila alipozungumza, na mwalimu kazi yake ni kuzungumza.

Darasani mambo yakaharibika kwa namna ambayo hakuitazamia. Herufi kama «f» na «v» hutoka mdomo wa chini unapogusa ncha za meno ya juu. Ncha hizo hazikuwepo tena. Siku ya imla alisoma «fua», na nusu ya darasa ikaandika «pua». Watoto wakacheka, naye akacheka pamoja nao, lakini jioni aliposahihisha madaftari hakucheka. Aliona amewapa watoto makosa ambayo hayakuwa yao.

Jambo zito zaidi lilikuwa mtaani. Kule alikotoka kila mtu alikuwa amemwona siku ile na kitambaa chenye damu. Jino lake lingekuwa habari ya wiki moja, kisha watu wangezoea. Huku alikohamia hakuna aliyeiona siku ile. Watu waliona mwanamke mgeni mwenye meno yaliyovunjika, wakajitungia maelezo. Wengine walisema anakunywa lutuku na kuanguka. Wengi walisema mume wake anampiga. Mume, ambaye hajawahi kumwinulia mkono, alianza kutazamwa vibaya kwenye bomba la maji, na kiongozi wa mtaa akamwita pembeni kumwonya. Alipojaribu kueleza habari ya chuma cha kitanda, alionekana kama kila mwanamume mwenye kosa anavyoeleza.

Hapo ndipo mwalimu alipoelewa kitu ambacho watu wengi waliohama wanakijua bila kukitaja. Kwenye mji wako unajulikana kwa wazazi wako, kwa kazi yako, kwa miaka yako ya kusalimiana. Ukihamishwa, vyote hivyo vinabaki nyuma. Uso ndio unaokutambulisha wa kwanza, na watu wanausoma kabla hujafungua mdomo.

Hata hivyo, alipotaja nyumbani kwamba anataka kutengeneza meno, kaka yake mkubwa alimjibu kwa ukali. «Dada, watoto hawana godoro, paa bado linavuja, na wewe unataka meno ya urembo?» Neno hilo «urembo» lilimkaa moyoni. Kaka hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa amewapa chumba wiki mbili za kwanza. Na hesabu yake ilikuwa sahihi: godoro halikuwepo.

Njia mbili alizozikwepa

Kwanza alikwenda kwa fundi wa meno ya bandia karibu na soko. Fundi akatazama, akasema meno yote mawili yang'olewe, na sahani ya plastiki yenye meno mawili iwekwe siku chache baadaye. Bei ilikuwa nafuu. Mwalimu akaona koleo lililolala ndani ya kopo la maji ya jana, akauliza kama linachemshwa. Fundi akacheka. Mwalimu akaaga kwa heshima, akaondoka.

Koleo lisilosafishwa kwa joto la kutosha linaweza kuhamisha damu ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na pamoja nayo homa ya ini ya aina B au virusi vya UKIMWI. Na jino lililong'olewa halirudi. Mfupa uliokuwa ukilishika huanza kupungua baada ya jino kutoka, mdomo unaingia ndani kidogo, meno ya jirani yanaanza kuegemea nafasi iliyoachwa.

Njia ya pili aliipata kwa kijana mmoja wa mtaani, aliyejisifu kwamba alibandika jino lake kwa gundi ile ya mirija midogo inayotengeneza viatu. Gundi hiyo haikutengenezwa kukaa mdomoni: inachoma ufizi, inafungia uchafu ndani, na mganga akija kulitibu jino baadaye anakuta kazi imeongezeka.

Kwa mganga wa meno

Mwisho, dada yake mkubwa alimpeleka kwenye kabine ndogo ya mganga wa meno. Mwalimu aliingia akiwa tayari kuambiwa tena ang'oe.

Mganga hakushika koleo. Aligonga meno yale polepole kwa mpini wa kioo, akauliza lipi linauma. Akaweka pamba yenye baridi juu ya kila jino na kungoja. Mwalimu alipoinua mkono kwa sababu ya baridi, mganga akafurahi: jino linalosikia baridi, kisha maumivu yakaisha upesi, kwa kawaida lina mshipa ulio hai. Akatazama kama rangi imegeuka kijivu, akapapasa ufizi akitafuta kipele cha usaha, akapiga picha ya mionzi kuona mizizi. Mizizi ilikuwa mizima.

«Mwalimu, meno haya hayang'olewi,» akasema.

«Docta, niambie ukweli. Mimi sina pesa za urembo.»

«Si urembo peke yake. Hili la nusu limebaki wazi. Chini ya ganda la nje kuna sehemu laini, ndiyo inayosikia baridi. Ukiliacha hivi, vijidudu vitaingia, mshipa utakufa, na hapo ndipo utalia. Leo ni kazi ya kuongeza kipande. Ukichelewa itakuwa kazi ya mzizi, na hiyo ina bei nyingine.»

«Na vile vipande vilivyovunjika?»

«Viko wapi?»

«Vilibaki kule tulikohama.»

Mganga akatikisa kichwa. «Mara nyingine kipande kikiletwa kizima, kinabandikwa tena mahali pake. Lakini hata bila kipande tunaweza kujenga.»

Alimwambia bei kabla ya kugusa kitu, kwa kila jino peke yake. Ilikaribia kodi ya nyumba ya mwezi mmoja. Wakakubaliana alipe mara mbili, nusu siku ile na nusu baada ya mshahara.

Asidi, unga wa jiwe na taa

Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa mbili kwa meno yote mawili, bila sindano. Mtu wa Kolwezi anaweza kuielewa vizuri kuliko mtu wa mji mwingine, kwa sababu vitu vinavyotumika ni jamaa wa vile anavyoviona kila siku.

Kwanza mganga alichagua rangi. Alilinganisha jino na vipande vidogo vya mfano, kutoka cheupe hadi cha manjano kidogo, na alifanya hivyo mapema, meno yakiwa bado na mate, kwa maana jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Akaweka pamba kuzuia mate, akasafisha.

Halafu ikaja asidi. Ni asidi fosforiki, nzito kama jeli, kwa kawaida ya kiasi cha asilimia 37, inayopakwa juu ya jino kwa sekunde 15 hadi 30 tu, kisha huoshwa kwa maji mengi. Kama vile viwanda vya jimbo hili vinavyotumia asidi kutoa shaba ndani ya jiwe, ndivyo asidi hii inavyotoa madini kidogo kwenye ganda la jino na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Gundi maalumu hupakwa, inazama ndani ya vitundu hivyo, nayo ikigandishwa inashika kama mizizi ya mti kwenye udongo.

Aliyegundua jambo hilo ni Michael Buonocore, mganga wa meno wa Marekani, aliyeandika juu yake mwaka 1955. Alipata wazo kutoka viwandani, ambako asidi fosforiki ilipakwa kwenye chuma ili rangi ishike vizuri. Kila fundi wa kupaka magari rangi anajua kwamba rangi haishiki kwenye chuma kisichoandaliwa. Miaka saba baadaye, mwaka 1962, mtafiti mwingine wa Marekani, Rafael Bowen, alisajili haki ya rezini mpya, aina ya plastiki inayochanganywa na unga laini wa kioo au kwazi. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio waganga wanaouita kompoziti. Kwa hiyo kinachojazwa kwenye jino ni plastiki ngumu na unga wa jiwe, vimetiwa rangi ya jino.

Kompoziti inatoka kwenye bomba ikiwa laini kama udongo wa kufinyanga. Mganga aliiweka tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi unene wa milimita mbili, akaiumba kwa kijiko kidogo cha chuma. Kila tabaka likamulikwa kwa taa ya rangi ya buluu kwa sekunde kama ishirini, likawa gumu. Mganga na mgonjwa hawatakiwi kuitazama taa hiyo. Hutumia kioo cha rangi ya chungwa kulinda macho.

Katikati ya kazi umeme ulikatika. Taa haikuzimika, kwa kuwa ilikuwa na betri yake. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, sehemu kubwa ikitoka Lualaba hii hii, na kobalti hiyo imo ndani ya betri nyingi za taa na simu kama hizo. Hakuna anayeweza kusema kobalti ya betri ile ilichimbwa wapi. Lakini si kosa kwa mtu aliyehamishwa kwa ajili ya jiwe hilo kujua kwamba mara moja moja linarudi kwake likiwa na faida. Shaba nayo imo katika zile plombe za kijivu za zamani, pamoja na fedha, bati na zebaki. Tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 nchi nyingi zinazipunguza kwa sababu ya zebaki, na kompoziti ni mojawapo ya vitu vinavyochukua nafasi yake. Na vyuma vinavyobeba meno mengi ya bandia ulimwenguni hutengenezwa kwa kobalti na kromu.

Grupu lilipowashwa, mganga alichonga na kulainisha. Akaweka karatasi yenye rangi kati ya meno, akamwambia aume, ili aone mahali panapogusana mno. Mwishoni akampa kioo na kusema: «Sema neno lenye efu.»

Mwalimu hakujiangalia kwanza. Alisema «fua», mara mbili.

Kile ambacho kompoziti haiwezi

Hakuna anayepaswa kudanganywa kwamba hili ni jino jipya la milele. Kazi nzuri kwenye jino la mbele hukaa miaka kadhaa. Waganga wengi hutaja mitatu hadi kumi, kulingana na mahali lilipovunjika na namna mtu anavyolitumia. Chai nyeusi, kahawa, tumbako na mchuzi wa rangi kali huibadilisha polepole. Siku mbili za kwanza ni vizuri kuviacha. Dawa za kung'arisha meno haziibadilishi rangi, kwa hiyo anayetaka kung'arisha afanye hivyo kwanza.

Miezi michache baadaye mwalimu alitafuna mahindi makavu ya kukaanga kwenye matanga, pembe ya jino moja ikamenyuka. Alirudi akiwa na huzuni, akidhani kila kitu kimepotea. Mganga aliondoa sehemu iliyolegea, akaongeza kidogo, akamulika. Hiyo ndiyo nguvu ya kompoziti: inatengenezeka palepale, bila kuanza upya.

Haiponyi jino lililokufa wala usaha uliomo ndani. Jino lililogeuka kijivu, au lenye kipele kinachotoa usaha kwenye ufizi, linahitaji kutibiwa mzizi kwanza. Kulifunika kwa kompoziti ni kupaka rangi ukuta unaooza. Na uso ukivimba kwa ajili ya jino, pamoja na homa, au mtu akishindwa kumeza au kufungua mdomo, hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo, si la kesho.

Wengine wanaohusika

Kuna watu wengine hapa ambao meno yao yana habari zake.

Wa kwanza ni wafanyakazi wa asidi. Udaktari wa kazini unajua kwa miaka mingi kwamba mahali penye mvuke wa asidi ya salfa, kama vyumba vya kusafisha shaba kwa umeme na viwanda vya betri, meno ya mbele ya mtu anayepumua kwa mdomo huliwa polepole: yanakuwa mafupi, membamba, yanayosikia baridi. Kompoziti inaweza kuyafunika, lakini kama mvuke unaendelea, jino litaendelea kuliwa kandokando yake. Dawa ya kwanza ni hewa safi kazini na kinga ya mdomo na pua. Kusukutua kwa maji baada ya zamu husaidia, na mswaki ungoje karibu nusu saa, maana ganda lililolainishwa na asidi huchubuka upesi.

Wa pili ni familia zilizotoka upande wa Goma na Nyiragongo. Baadhi ya watoto wao wana meno yenye madoa ya hudhurungi, na shuleni wanachekwa kwamba hawapigi mswaki. Ni uongo. Kule udongo wa volkano una chemchemi chache, watu wengi hunywa maji ya mvua, na moshi wa volkano huongeza floraidi ndani ya mvua hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Mtoto anayezidi kiasi hicho kwa muda mrefu, meno yake yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, yataota na madoa. Ndivyo ilivyo pia Arusha na kandokando ya mlima Meru huko Tanzania, na Nakuru huko Kenya. Madoa hayo hayaambukizi wala hayatoki kwa mswaki. Mtu mzima akitaka, yanaweza kupunguzwa au kufunikwa kwa kompoziti. Mtoto, kwanza, anahitaji mwalimu anayejua ukweli huu na kuusema mbele ya darasa.

Wa tatu ni wale wanaofungua chupa ya Simba kwa meno. Kwao ushauri ni mfupi: tafuteni kifungulio.

Si kila tofauti ni ugonjwa. Kwingine watu hulipa ili mwanya kati ya meno ya mbele uzibwe kwa kompoziti. Waswahili wengi wanauhesabu mwanya kuwa uzuri, na mwenye mwanya asikubali kushawishiwa na mtu anayetafuta pesa.

Nani alipe?

Wazee wa Kolwezi wanakumbuka wakati swali hili halikuulizwa na mfanyakazi wa mgodi. Union Minière, na baada yake Gécamines, ilikuwa na hospitali zake, na mfanyakazi, mke na watoto walitibiwa kwa gharama ya kampuni. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa hiari. Tangu hapo familia nyingi hulipia matibabu mfukoni. Katika mfuko huo jino linakuja nyuma ya malaria, nyuma ya uzazi, nyuma ya karo ya shule na kodi ya nyumba.

Ndiyo maana hoja ya kaka haiwezi kutupwa hivi hivi. Godoro ni haki ya mtoto. Lakini mwalimu alimjibu baadaye, bila hasira: mshahara unaonunua godoro hutoka mdomoni mwake, na mdomo ule ulikuwa umeanza kukwepa kazi. Alikuwa ameacha kusoma kwa sauti. Alikuwa amekataa kusimamia kwaya ya shule, aliyoiongoza kwa miaka. Direkta alikuwa ameanza kuuliza kama anafaa darasa la kwanza, ambako watoto hujifunza herufi kwa kutazama midomo ya mwalimu.

Kaka hakuomba msamaha. Alileta godoro mwezi uliofuata, la kwake la zamani, na alipokaribishwa chakula alisema tu kwamba dada yake sasa anazungumza sana. Mtaani maneno juu ya mume hayakuisha siku moja, ila yalikosa chakula.

Nyufa za ukutani wanazijua wote waliokaa karibu na migodi, na methali wanaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye jino ni hivyo hivyo. Wanaojadiliana juu ya fidia, kwenye mikutano ya mtaa na kampuni, wangefanya vizuri kuongeza mstari mmoja kwenye orodha zao: mtu akiumia siku ya kuhamishwa, matibabu yake yahesabiwe pamoja na milango na miti.

Siku jino linapovunjika

Tafuta kipande. Kiweke ndani ya maziwa au maji safi, uende nacho kwa mganga wa meno.

Kama jino zima la mtu mzima au la mtoto mkubwa limetoka na mzizi wake, lishike upande wa juu, usiguse mzizi. Lisukutue kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, lirudishe kwenye tundu lake kama mgonjwa anaweza, au liweke ndani ya maziwa. Mwendee mganga mara moja. Nusu saa ya kwanza ina thamani kuliko siku nzima inayofuata. Jino la utoto lililotoka halirudishwi.

Usitie gundi ya dukani.

Kabla ya kukaa kwenye kiti, uliza maswali manne: vyombo vinasafishwaje? Je, mshipa wa jino bado ni hai? Bei ni ya jino moja au ya yote? Na likivunjika tena baada ya muda mfupi, nitalipa upya? Mganga mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Anayekasirika, au anayeshika koleo kabla ya kutazama, mwambie asante, uende kutafuta mwingine.